Sikio la Kwanza

Nyamizi aliingia karakanani kwangu akiwa amevaa hedifoni zake mpya kinyume, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, amenuna kama mtu aliyeuziwa mbuzi wa miguu mitatu.

"Mtani, hivi vitu vina kilema. Upande mmoja umelala."

"Unaniangalia mimi? Nilivitengeneza mimi?"

"Uvivu si mliuleta nyinyi Wazaramo? Basi umeziambukiza mpaka hedifoni."

Nikamwambia babu zake Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kichwani mpaka masikio yakadidimia, ndiyo maana yeye hasikii. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akamsogeza mbele binti yake, Kalunde, mtoto wa miaka minane.

"Za huyu nazo vilevile. Na anasema sikio linamlia."

"Linalia vipi, mjukuu?"

"Kama birika linalotaka kuchemka," akasema Kalunde. "Hata nikivua. Hata nikilala."

"Lipi?"

Akagusa la kushoto.

Niliwaambia wavue nizipime. Nyamizi aliutazama kwanza mlango, akaenda kuusukumia zulia kwa chini, ndipo akavua. Sote watatu tukauma meno. Pale Ngurumoni usipouma meno hugongana yenyewe. Ile mitambo tunayoiita Mapafu iko juu ya kilima, mafeni makubwa kuliko nyumba, safu nyuma ya safu, yanavuta moshi wa miji ya dunia nzima na kuusukuma chini ya mwamba. Hayazimwi. Walioko mbali wanapumua, sisi tunatetemeka. Ukitaka kuzungumza na mtu aliyekaa mbele yako, maneno yako yanaingia kwenye kinasa cha hedifoni yako, yanapita mnara wa mji na kutokea kwenye hedifoni yake. Ukikaa bila hedifoni tangu asubuhi, jioni unashika kichwa. Ukikaa mwaka, huna tena cha kushika.

Kasoro ya upande mmoja ina njia yake ya kutafutwa. Kwanza unazigeuza. Kelele ikihama pamoja na hedifoni, mgonjwa ni hedifoni. Ikibaki kwenye sikio lile lile, mgonjwa ni wewe. Nyamizi alikwishageuza mwenyewe, na kelele ilikuwa imehama, kwa hiyo masikio yake sikuyashuku. Nikafuata wavu unaofunika spika. Masizi hupenda kukaa pale, nikayapiga brashi, nikapuliza. Wavu ukawa safi, kasoro ikabaki. Nikafungua mipangilio nione kama mtu kavuta mlingano wa sauti upande mmoja. Ulikuwa katikati, haujaguswa. Nikaziunganisha na redio yangu badala ya mnara wa mji. Vilevile.

Likabaki sanduku la kimya. Ni boksi la mbao nililolijaza sponji, na ndani kuna kinasa kidogo kinachokaa mahali pa kichwa. Unakivisha hedifoni, unapiga sauti kuanzia nzito kwenda nyembamba, kioo kinakuchorea mstari.

Mstari wa kulia ulinyooka kama reli. Wa kushoto ulianza hivyo hivyo, lakini ulipofika kwenye sauti nyembamba, za ndege na za watoto, ukapanda ghafla kama mlima.

Tulivaa tena ndipo nikamweleza.

"Kulia hakujalala. Kulia kuko sawa kabisa. Kushoto ndiko kunapiga kelele."

"Mbona mimi kila siku naongeza sauti ili kulia kusikike?"

"Ndiyo. Na kila ukiongeza, kushoto kunazidi."

Alinitazama. Kisha akautia mkono wake juu ya sikio la kushoto la Kalunde, juu ya hedifoni yenyewe, kana kwamba anazuia upepo.

* * *

Nilifanya ambacho fundi yeyote angefanya. Nilikata sponji, nikaijaza upande wa kushoto wa hedifoni ya Kalunde, nikamwambia ajaribu. Akasema afadhali. Wakaenda.

Kesho yake wakarudi, mtoto analia.

"Umeziongeza ukali badala ya kuzipunguza," akasema Nyamizi. Siku hiyo hakuniita mtani.

Nikazirudisha kwenye sanduku. Ule mlima ulikuwa umeota kilele kirefu zaidi. Hapo ndipo nilipokumbuka tangazo la kampuni, lile lililobandikwa kila ukuta tangu mzigo ulipofika: *Hedifoni Inayokujua.* Tulidhani ni maneno ya biashara tu. Kumbe kweli. Hizi mpya, mara ya kwanza zinapowekwa kichwani, zinapiga mlio mwembamba ambao hata huusikii, zinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio, na kwa mwangwi huo zinachora ramani. Sikio likiwa na shimo mahali, zenyewe zinalijaza kwa kuongeza sauti mahali hapo. Kisha zinaendelea kupima kama shimo hilo limejaa; ukizizibia kwa sponji zinaona bado, zinaongeza tena. Mimi nilikuwa nimempa mbishi sababu ya kupayuka.

Na ramani ile ikishachorwa inafungwa, asije mtu akaiba hedifoni ya mwenzake. Hilo lilikuwamo pia kwenye tangazo. Tulilipigia makofi.

Wakati huo majirani walikwishasikia kwamba kuna fundi anashughulikia upande uliolala. Wakaja mmoja mmoja, mzee Mwaluko wa ghala, mke wake, vijana wa zamu ya asubuhi, mama wenye watoto. Wote kushoto. Nikazipima hedifoni zao zote. Kiwanda kikikosea hukosea ovyo, hii kushoto, ile kulia, nyingine haisemi kabisa. Hizi zote zilikuwa na mlima mmoja, na kabla ya kilele kulikuwa na kibonde kidogo, kile kile, kwa kila mtu. Nikajua siangalii kosa la kiwanda. Naangalia sikio. Sikio la mtu mmoja, lililokufa upande wa kushoto, limewekwa kwenye vichwa vya mtaa mzima.

"Nyamizi," nikamwita pembeni, "boksi lilipofika, ni nani alivaa kwanza?"

"Swali gani hilo? Sisi si watu tusio na kwetu. Kitu kipya kina ugeni. Tulimpelekea Bibi Sechelela autoe."

"Na majirani?"

"Na majirani. Mtaa wote. Siku ile alishinda barazani anavaa na kuvua kama bi harusi aliyeletewa vilemba. Hii anavaa, anaitemea mate kidogo, anasema nenda na mwenyewe ukamsikilizishe mema. Inayofuata." Akacheka. "Mpaka kichwa kikamu..."

Hakumaliza. Nyamizi si mjinga. Anaendesha mashine ya kuinulia shehena ghalani, kazi ya kuona kitu kabla hakijaanguka.

"Hapana," akasema.

"Ndiye."

"Bibi anasikia vizuri kuliko mimi! Anasikia mpaka mtoto akigeuka tumboni."

"Umewahi kukaa kushoto kwake?"

Akafikiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwishafikiri. Bibi Sechelela, mkunga wa mtaa, hukaa ukuta ukiwa kushoto kwake. Akitembea na mtu humshika mkono amweke kulia, nasi tukaona ni mapenzi.

* * *

Mtu wa mbali atauliza, kuna ubaya gani bibi kizee kuwa kiziwi wa sikio moja?

Ubaya ni kwamba Ngurumoni hakuna kiziwi. Ndivyo kampuni inavyowaambia wageni wanaokuja na kamera, na wageni wakipita nyumba hadi nyumba wanakuta kweli hakuna. Mtu akipimwa akaonekana masikio yamekwenda, anapelekwa Kambi ya Mapumziko, nyuma ya milima, kutwa nzima kwa gari. Sisi tunapaita Kimya. Wanasema kuna bustani. Aliyekwenda huko hapigiwi simu. Apigiwe ili iweje, wanasema. Na kumtembelea kuna ruhusa, ambayo sijaona mtu aliyeipata.

Bibi hakuwahi kupimwa kwa sababu aliacha kazi kabla vipimo havijaanza. Alikuwa miongoni mwa Wagogo waliofyeka kilima Mapafu yalipojengwa, siku ambazo kinga ya masikio ilikuwa pamba na Mungu. Kisha akakaa mtaani kuzalisha.

Na kufuta ramani kulikuwa na njia moja tu. Mashine ya kampuni, na sikio lililofunga ndilo lifungue. Bibi angelazimika kukaa mbele ya afisa, avae hedifoni moja baada ya nyingine, na ramani yake itokee kiooni kila mara, wazi kama uchi.

Nilimweleza Nyamizi yote haya tukiwa tumekaa juu ya makreti nyuma ya karakana, Kalunde akichora mavumbini mbali kidogo.

"Turudie zile za zamani," akasema.

"Mnara umeacha kuzitambua. Atakuwa haambiwi neno."

"Nimvue kabisa."

"Mapafu yatammaliza masikio yote mawili."

Akaokota jiwe, akalitupa.

"Alinipokea mimi, yule Bibi. Akampokea na Kalunde, alikuja na miguu mbele, akamgeuza kwa vidole vyake. Kila mtu aliniambia nichague mtoto au mimi. Yeye alisema wasipige kelele, anafanya kazi. Sasa leo nimwendee, Bibi, asante kwa yote, panda gari."

"Basi usimwendee."

"Na mwanangu?"

Nikamtazama Kalunde akichora.

"Mtani, wewe umezunguka nchi hii yote. Umeona watu wakifanya nini?"

"Nimeona wakifanya hili na wakajuta. Nimeona wakifanya lile na wakajuta."

"Pumbavu zako," akasema, na machozi yakamtoka. "Umezunguka bure."

Akainuka, akamshika Kalunde mkono. Nikawafuata.

* * *

Bibi Sechelela alikuwa barazani anapeta mtama, ukuta kushoto kwake. Tukaamkiana. Nyamizi alijaribu kusema akashindwa, nikasema mimi. Nilisema taratibu, bila kuficha. Bibi aliendelea kupeta mpaka nilipomaliza.

"Fundi Mbaruku," akasema, "wewe ni mgeni hapa. Umekuja na begi na siku moja utaondoka na begi. Watu wa hivyo huwa na mdomo. Sikio langu halina kitu."

"Bibi, nimepima..."

"Umepima makopo ya kampuni. Hukunipima mimi. Kosa ni lao, waambie walete mengine." Akamgeukia Nyamizi. "Na wewe umemleta anitukane barazani kwangu? Wewe?"

Nyamizi akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Nendeni."

Kwa kweli tulikuwa tumekwishageuka kwenda. Bibi akamwita mtoto ampe karanga, kama alivyozoea, akamwita kwa sauti ya chini ya kubembeleza. Kalunde alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka mwili. Aligeuza shingo tu, akakipinda kidevu begani, akalitanguliza sikio la kulia, na macho akayafanya kama anatazama kitu kingine.

Ungo wa Bibi ukasimama.

"Rudia," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Nani kakufundisha kugeuza shingo hivyo?"

"Hakuna. Hivi nasikia."

"Mama yako anajua kwamba hivyo ndivyo unavyosikia?"

Kalunde akamtazama mama yake, kisha akatazama chini. Nyamizi alikuwa hajui. Nilimwona asivyojua.

Bibi akauweka ungo. Mtama ukatiririka kidogo kidogo kutoka ukingoni na kuku mmoja akaja kuudonoa, wala hakumfukuza.

"Mimi nilificha kwa sababu niliogopa gari," akasema. "Wewe mtoto unaogopa nini?"

"Mama atalia."

Bibi akacheka, kicheko kisicho na sauti. Akaniambia mimi, "Litarudi sikio lake?"

"Likipumzishwa mapema huwa linarudi, Bibi. Si mara zote."

"Sema linarudi."

"Linaweza kurudi."

"Mzaramo mgumu wewe." Akajishika magoti, akainuka. "Haya twende kwa huyo kijana wa ofisini kabla sijapata akili."

* * *

Afisa wa vifaa aliitwa Rweyongeza, kijana wa Bukoba mwenye adabu. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa kuinama, akamletea kiti chenye mto. Fundi wa kampuni hakuwapo, hivyo akaniomba mimi nishike waya na kubadilisha hedifoni. Mtaa mzima ukapanga foleni nje.

Bibi akavaa ya kwanza. Mashine ikalia, kioo kikachora ule mlima ninaoujua. Rweyongeza akautazama, akamtazama Bibi, akafunga macho kidogo.

"Bibi, uliwahi kufanya kazi kilimani?"

"Nilifyeka pale unapoegesha gari lako."

"Ningejua nisingekukalisha hapa."

"Sasa umejua. Lete nyingine."

"Nikishaona siwezi kusema sijaona. Mashine yenyewe inapeleka makao makuu ramani ya kila mtu mzima. Unanielewa, Bibi?"

"Mwanangu, zungumza na sikio hili huku, la kulia. Nimechoka kukisia."

Wakaingia mmoja mmoja. Bibi anavaa, mashine inalia, ramani inafutika, anamkabidhi mwenyewe avae. Safari hii hakutemea mate. Wengine walimshika mkono. Wengine walichukua na kutoka upesi, macho sakafuni. Mzee Mwaluko, ambaye Bibi alimzalishia wake wawili, alisimama mlangoni akavaa zake, akasikiliza huku na huku, akasema, "Sasa ndiyo. Angesema mapema tusingesumbuka hivi." Alisema kwa sauti ya kawaida. Alidhani Bibi hasikii.

Gari lilikwishafika nje. Wale si watu wa kuchelewa.

Kalunde akawa wa mwisho. Bibi alifungua hedifoni ya mtoto, akaishika muda mrefu kuliko nyingine, akataka kusema neno. Watu wawili waliovaa sare wakamwambia kwa upole muda umekwisha. Kwa upole vilevile wakamvua hedifoni zake mwenyewe, maana anakokwenda hazihitajiki, wakamchukua.

Nikamvika Kalunde. Mlio mwembamba ukapita. Kioo kikachora.

Kulia ukanyooka. Kushoto ukaenda vizuri, nami nikaanza kupumua, halafu ukafika kwenye sauti nyembamba ukaanza kupanda. Haukuwa mlima. Kilikuwa kilima. Lakini kilikuwa kimekaa pale pale.

Mashine ikaona shimo ikalijaza, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Mama!" Kalunde akaruka. "Zimekuwa sawa! Huku na huku! Sawasawa kabisa!"

Nyamizi akapiga kigelegele, akambeba mtoto mkubwa mzima, akamzungusha. Kioo kilikuwa kimetuelekea sisi wawili tu, mimi na afisa. Rweyongeza alikuwa ameona. Akasogea karibu, akazima kinasa chake na kuninong'oneza kwa kuchezesha midomo tu niisome.

*Ni mtoto. Watoto hatuwapeleki. Mpaka aombe kazi.*

Kwake ilikuwa huruma, na sikatai, labda ilikuwa huruma. Hapa kila mtoto huomba kazi kilimani, kwani kazi nyingine iko wapi.

"Mtani!" Nyamizi akanigeukia, machozi yamejaa mashavuni. "Wewe ndiye fundi. Niambie wewe. Zimelingana?"

Kama ningesema kweli, ningemwambia kwamba kulingana kwenyewe ndiko ugonjwa. Ningemwambia amempoteza Bibi na sikio halikurudi, na kwamba kuanzia leo hataliona likiendelea kufa, kwa sababu hedifoni itamfichia vizuri kuliko shingo ya mtoto. Na angemwangalia mwanawe tangu siku ile kama anavyoangaliwa mtu anayesubiri gari.

"Zimelingana," nikasema.

Nikatoka nje. Gari lilikuwa linawashwa. Bibi Sechelela alikuwa kiti cha nyuma, kichwa kitupu, bila kitu masikioni, ameuma meno kwa ile ngurumo. Aliponiona akagonga kioo. Akaonyesha urefu wa mtoto kwa kiganja, kisha akagusa sikio lake la kushoto, kisha akakunjua mkono: vipi?

Nikainua kidole gumba.

Akaegemea kiti, akacheka kwa meno yale yale aliyoyauma, wakaondoka naye.